Kusoma Gizani

Jumatatu, 1 Septemba

Shule zimefunguliwa leo na mvua imefunguliwa nazo. Paa la darasa langu linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya ramani ya Afrika, na nimefundisha somo la kwanza la historia huku nikisogeza ndoo kwa mguu. Nilirudi nyumbani Kabondo na hasira ya kutosha wiki nzima, nikamkuta mama ameungua kiganja kwenye mbabula, jiko letu la makaa.

“Makaa iliruka,” akasema.

Makaa hayaruki. Nilimwagia mkono maji baridi, nikagombana naye, naye akagombana nami, kisha tukala lituma ya ndizi na samaki bila kusemeshana. Mtaani wanamwita Maalim Aïcha na wanashusha sauti wakimsalimu. Kwangu mimi ni mama, amepita sabini, na hataki kushikwa mkono.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua. Wanafunzi kumi na wawili tu. Nimewapigia kelele hao waliokuja, jambo la kijinga.

Ijumaa, 5 Septemba

Kisomo cha wanawake nyumbani kwetu, kama kila Ijumaa baada ya sala. Wazee saba juu ya mkeka, kila mmoja na msahafu wake wazi mapajani, na miwani moja kwa wote. Miwani hiyo, talatala kama tunavyoiita hapa, ilinunuliwa sokoni kutoka kwa mchuuzi wa saa na betri. Ina mguu mmoja. Mguu wa pili ni uzi. Inaanza kwa mama, anasoma aya zake, anaivua, anampa Mama Nyota aliye kulia kwake, naye anasoma zake, hivyo mpaka mwisho wa mkeka, kisha inarudi. Nimeuona mzunguko huo miaka mingi na sikuwahi kuufikiria. Leo nimeufikiria. Wanawake saba, macho kumi na manne, vioo viwili. Hayo ni maneno mazuri kwa kipindi changu cha Jumapili redioni.

Jumapili, 14 Septemba

Nimesema redioni. Dakika zangu za Jumapili nimezitumia zote juu ya wazee, na fundi mitambo alinionyesha saa mara mbili nikajifanya simwoni.

Nilisema hivi: tumedanganywa kwamba uzee ni mvua inayomnyeshea kila mtu sawa. Mvua yenyewe hainyeshi sawa. Muulizeni mwenye paa. Mtu aliyebeba mizigo bandarini tangu utotoni anafika miaka sitini na magoti ya miaka mia. Aliyekaa ofisini anafika themanini na bado anachagua viatu. Aliyesoma anajua kwamba kufa ganzi kwa miguu kuna jina na kuna dawa. Asiyesoma anaambiwa amekanyaga kitu alichotegewa. Tajiri akipofuka ana ugonjwa. Maskini akipofuka ana uchawi.

Hilo la mwisho sikulitoa kitabuni. Dada mkubwa wa mama, kule Opala, alipoacha kuona walimhamishia kibanda nyuma ya jiko, kisha wakaanza kuuliza kwa nini watoto wa nyumba ile wanaugua. Nilikuwa msichana, nilimpelekea chakula. Alikuwa anakula wa mwisho.

Nikamaliza na mfano wa hapa hapa mtaani, bila kutaja jina: mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, rika la mama yangu, anayesimama mlangoni pa depo lake na kuhesabu kwa macho magunia ya chumvi yaliyo upande wa pili wa barabara. Macho yale yalinunuliwa kwa daktari, nikasema.

Kila mtu amemjua.

Jumatatu, 15 Septemba

Mama Kanyere amenisimamisha mbele ya depo lake, wapagazi wote wakisikiliza.

“Djamila, uko na mudomo kama tarumbeta ya kanisa. Sasa macho yangu imeingia kwenye radio?”

“Sikukutaja, mama.”

“Haukunitaja! Kisangani muzima kuna bamama wangapi ya Butembo benye chumvi na benye miaka yangu? Bon. Nilinunua macho. Ulitaka nifanye nini, niibe?”

Wapagazi wakacheka. Nilimjibu kwamba swali si nani alinunua, swali ni kwa nini yanauzwa. Akaniambia nimsalimie mama yangu, akaingia ndani. Mwanamke huyu ananichosha. Ana jibu kwa kila kitu na majibu yake yote yanasimama juu ya magunia.

Jumanne, 23 Septemba

Matope mpaka kwenye pindo. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tangazo limepita na kipaza sauti juu ya pikipiki: timu ya macho imetoka Kinshasa, iko kwenye kituo cha afya cha masista upande wa Tshopo mpaka mwisho wa mwezi. Wanapima, na wenye mtoto wa jicho wanapasuliwa bure.

“Tutaenda,” nikamwambia mama.

“Kufanya nini? Ni talatala imechoka. Macho yangu haina neno.”

“Juzi umemimina chai nje ya kikombe.”

“Kikombe chako ni kidogo.”

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimeshinda, na nataka kuandika yote kabla utamu haujaisha.

Tulikwenda na moto mbili, pikipiki za abiria, mama mbele na msahafu wake ndani ya mfuko wa kitambaa, maana hatoki bila huo. Foleni ilizunguka ukuta wa kituo: wazee wa mtaa wa Mangobo, wavuvi, mabibi wenye fimbo, mbingu nyeusi juu yao. Mlangoni alikaa muuguzi kijana, Jérôme, shati safi, na ukutani nyuma yake ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini. Anayesoma mpaka chini anarudi nyumbani. Anayekwama anaingia ndani kwa daktari.

Zamu ya mama ilipofika, kijana akaonyesha herufi ya juu kabisa, kubwa kama sahani.

“Koko,” akamwita, yaani bibi, “hii ni lettre gani?”

“Sijue, mutoto yangu.”

“Na hii?”

“Sijue.”

Akaandika, akamwambia msaidizi wake kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia: “Analphabète. Hapana test. Mwingine.”

Hapo damu ikanipanda. “Umesema nini, monsieur?”

“Maman, koko hajasoma. Hii tableau ni ya batu ya kusoma. Ile ya alama, ya batu bote, ilibakia Kinshasa. Nitafanya nini?”

“Kwa hiyo asiyejua herufi zenu hana macho?”

“Sijasema vile…”

“Na nani alikuambia hajasoma? Mwanamke huyu amesomesha nusu ya Kabondo! Anasoma msahafu toka mwanzo mpaka mwisho. Au kusoma ni Kifaransa peke yake? Wakoloni wameondoka, wewe wamekuachia funguo?”

Foleni ikafurahi. “Mupe, mwalimu! Mupe tena!” akapiga kelele mzee mmoja. Jérôme akainua mikono: “Bon, maman, bon. Asome basi.”

Nikautoa msahafu mfukoni, nikaufungua popote, kurasa za mwanzo, nikamwekea mama mapajani. Nilimwona akisita. Nilidhani ni haya. Kisha akaweka kidole juu ya ukurasa, akavuta pumzi, akasoma.

Wanaomjua mama yangu wanaijua sauti ile. Foleni ikanyamaza. Mzee mmoja, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, akavua kofia. Kidole kikatembea kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, na sauti ikatembea nacho.

“Aka!” akasema Jérôme. “Koko iko naona kupita miye.” Akafuta alichoandika, akaandika kingine: anaona vizuri, karibu na mbali. Akagonga muhuri. “Mwingine.”

Nilimtoa mama pale kama bibi harusi. Mvua ilitukuta njiani na sikuisikia.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekisimulia kisa hicho redioni. Simu zimeingia mpaka fundi mitambo akazima laini. Mama hakutaka kusikiliza, alisema kichwa kinamuuma.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama amejikwaa kwenye ndoo iliyokaa pale pale tangu Septemba. Anasema nimeihamisha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kuna mambo nitakayoyaandika mara moja tu.

Mchana kulikuwa na joto la kunyonga. Kisomo kilipoanza wingu lilikuwa tayari limelala juu ya mto, na mama alikuwa hajamaliza zamu yake ya kwanza umeme ukakatika. Nilikuwa nimekaa kizingitini na madaftari ya wanafunzi. Upepo ukapiga, Mama Nyota akasema funga mlango, maji yataingia. Nikafunga mlango, nikafunga dirisha la mbao. Chumba kikawa cheusi kama ndani ya chungu. Kalamu yangu yenyewe sikuiona. Nikasubiri waache. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kibiriti ili niwashe taa.

Hawakuacha.

Mvua ilikuwa inaliponda bati, nao wakapaza sauti. Mama akamaliza aya zake. Nikasikia kile kifundo cha uzi kikigonga kidogo kioo: miwani inavuliwa. Nikasikia mkono ukimtafuta Mama Nyota, bangili zikilia. Mama Nyota akaivaa, kwa utulivu, akaendelea pale pale mama alipoishia. Kurasa zikageuzwa. Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Miwani ikatembea kwenye giza lile mkono kwa mkono, na kila ilikofika mtu alisoma, hakuna aliyekwama hata kwenye herufi moja, mpaka ikafika mwisho wa mkeka, ikarudi kwa mama, kisha kwa Mama Nyota tena.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasoma. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kumekuwa giza.

Nikakumbuka kituo cha masista. Nilifungua kurasa za mwanzo. Alichosoma mama pale kilikuwa Yasini, na Yasini iko mbali sana mbele. Mimi niliyefundishwa na mwanamke huyu huyu nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, nikatazama nyuso za foleni, sikuutazama ukurasa.

Nikawasha tochi ya simu. Nyuso saba zikageukia mwanga, zikichelewa, kama watu wanaoitwa kutoka mbali.

“Nani anaona?” nikauliza.

Bangili zikalia. Kisha Mama Nyota: “Weye Djamila, juu ya nini unauliza swali ya polisi? Tuko kwenye kisomo.”

“Mama Nyota, umeme ulikatika zamani.”

Akapapasa miwani usoni pake, akaivua taratibu. Nikaona jinsi wale wengine walivyoinama, kila mmoja peke yake. Nadhani mpaka dakika ile kila mmoja aliamini kwamba ni yeye tu, na kwamba wenzake sita wanaona.

Mama alifunga msahafu. “Kisomo imekwisha leo,” akasema. “Djamila, wape bamama chai.”

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumegombana kutwa nzima.

Nilimwambia twende kituoni sasa hivi, imebaki wiki moja. Akasema haendi. Nilimwambia hakuna aibu, vipofu wamehifadhi msahafu tangu zamani, wanaheshimiwa dunia nzima. Akacheka kicheko kibaya.

“Kipofu ya sheikh mukubwa, yule mwenye nyumba ya étage mbili, anaheshimiwa. Iko na kijana ya kumushika mukono na mwingine ya kumufulia. Kipofu ya Kabondo anaheshimiwa wapi? Utanionyesha. Miye nilimuona yaya yangu, dada mukubwa, kule Opala. Weye ulimuona pia.”

“Mimi si watu wa Opala, mama.”

“Bale ya Opala pia balisema hivyo mwanzo.”

Kisha akasema kilichonikata zaidi. Wazazi wanamletea mabinti wajifunze herufi, alif, ba, ta. Akijulikana, watapelekwa kwingine. “Na miye nitabakia na nini? Kukaa? Kungoja sahani?” Ndicho alichonacho: mkeka, mabinti, na Ijumaa. Nilikuwa na hoja nyingi. Nimeshinda wabunge kwa hoja. Nilimwambia anaogopa kijinga, akaniambia nitoke chumbani mwake, nikatoka.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimekwenda kwa Jérôme baada ya shule. Nilikwenda tayari kupigana, maana sijui kwenda namna nyingine.

“Maman mwalimu,” akasema akiniona, na akarudi nyuma hatua moja. Nikamweleza. Aliketi chini.

“Lakini miye nilitaka kumuandika ‘hapana test’. Bale ya ‘hapana test’ bote baliingia kwa docta siku ileile saa ya mwisho, na tochi, moja moja. Ni weye ulinifokea mbele ya batu.”

Nikaketi mbele yake. Kijana huyu, niliyemfanya redioni kuwa mtumwa wa wakoloni, alikuwa amemwekea mama yangu nafasi. Nafasi hiyo niliifuta mimi, kwa ufasaha.

“Mwandike upya,” nikasema.

“Haiwezekani bila yeye. Docta hapasue mutu ya karatasi. Akuje, aseme mwenyewe na mudomo yake kama haone. Tunamaliza Ijumaa.” Akanitazama. “Na weye, maman, siku ile… tafadhali, unyamaze.”

Jumanne, 28 Oktoba

Mama Kanyere tena. Sikumtafuta, mvua ilinisukuma chini ya baraza la depo lake, naye akaniletea kiti. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuniuliza.

“Nilijua,” akasema. “Imepita miaka. Alikuwa anakuja kununua sabuni, anapapasa. Nilimuambia: Aïcha, miye pia ilianza hivi, binti yangu wa Butembo ni infirmière ku hospitali, ndiye aliniambia niende Kampala mbio, bakanipa matone, mpaka leo naweka asubuhi na jioni. Nikamuambia, twende wote, nitamulipia transport.”

“Akasema nini?”

“Akasema: ‘Djamila atasema nini kwenye radio, kama mama yake amekula feza ya ba-commerçant?’”

Maji yalikuwa yanapita barabarani mekundu. Mama Kanyere hakusoma hata darasa moja. Anaweka dole gumba kwenye hati zake. Aliyesoma ni binti yake, na binti alitazama macho ya mama yake. Kwetu pia kuna binti aliyesoma. Elimu imelala chini ya paa letu miaka yote hii, ina rafu nne za vitabu, na ilikuwa inaandika hotuba.

“Usilie kwenye chumvi,” akasema Mama Kanyere. “Inaharibika.”

Jumatano, 29 Oktoba

Jioni Mama Nyota amekuja peke yake, ameshika ukuta wa jirani, kisha mgomba, kisha ukuta wetu. Nilimwona anavyokuja na nikatambua kwamba siku zote amekuja hivyo. Niliwaachia chumba, nikakaa uani chini ya bati la jiko. Walizungumza kwa muda, sauti chini. Kisha sauti zikapanda.

“Maalim, miye sitaki kufa sijaona sura ya mujukuu wangu.”

“Basi enda. Nani anakufunga?”

“Nitaendaje mbele yako? Nikienda miye, batasema: kama Nyota haone, na Maalim anaona nini? Nimekaa na upofu yangu juu ya heshima yako. Sisi bote tumekaa. Ukienda weye, tutaenda. Ukikaa, tutakaa. Sasa ukae, ujue unakaa na upofu ya nani.”

Nikasikia mkeka ukisogezwa. Mama Nyota alitoka, akapita karibu yangu bila kujua kwamba nipo.

Mimi nilikuwa nimeleta sayansi, historia na dini. Sikuwa nimefikiria kwamba mama angeweza kuwa na deni kwa watu wengine, kubwa kuliko hofu yake.

Kabla ya kulala mama akaniita: “Kesho tafuta moto. Mingi.”

Alhamisi, 30 Oktoba

Moto hazikutosha. Wanne walikwenda na moto, watatu na toleka, wamekaa upande juu ya baiskeli, miavuli imefunguka, matope yakiruka. Watu wa Kabondo walitoka milangoni kutazama. “Ni harusi ya nani?” mtu akauliza. “Ya koko yako!” akajibu Mama Nyota.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu kuliko mara ya kwanza, watu wa dakika za mwisho. Wengi walimkumbuka mama. “Ni yule mwenye kusoma! Atusomee tena!” Nilisikia na nikauma mdomo, maana nilikuwa nimeahidi kunyamaza.

Jérôme akasimama alipomwona. “Koko, karibu.”

Mama alisimama mbele ya meza yake. Hakutaka kiti. Alinyoosha ushungi, akatafuta uso wa kijana kwa sauti, akakosea kidogo, akazungumza na bega lake.

“Mutoto yangu, siku ile nilikusomea. Nilisoma na kichwa. Macho haikusoma.” Kisha akageukia foleni, akapaza sauti kama anavyofanya kwenye kisomo bati likiwa linapigwa: “Minasema mbele yenu bote. Mi sioni. Kulia hakuna kitu, kushoto ni moshi. Na hawa bamama wangu pia, kila moja na yake. Muandike.”

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa rozari hakuwapo leo, lakini mwingine, mvuvi mwenye mabega mapana bado, alitoka mbele ya foleni akasema, “Bapite.” Na foleni ikasogea.

Sikufungua mdomo. Ni mara ya kwanza nakumbuka.

Ijumaa, 31 Oktoba

Dokta Néhémie ni mtu mfupi aliyechoka, anazungumza na mgonjwa, si na mtoto wa mgonjwa. Alimwambia mama ukweli. Jicho la kulia limekufa kwa presha ya ndani, limekufa kimya kwa miaka, na hakuna kisu kitakachorudisha. Matone yangeliokoa, kama yangeanza mapema. La kushoto lina presha pia, lakini kilicholifunika zaidi ni mtoto wa jicho; hilo atalipasua leo, kisha matone kila siku mpaka mwisho wa maisha.

Mama akauliza swali moja: “Mapema ni lini?”

Daktari akataja wakati. Ulikuwa ule ule ambao Mama Kanyere alikwenda Kampala.

Wanawake wawili, rika moja, mtaa mmoja, ugonjwa mmoja. Mmoja anahesabu magunia upande wa pili wa barabara, mwingine ameacha jicho zima njiani. Ningeyasema haya redioni na yangekuwa kweli. Lakini nimekaa kwenye benchi la nje, mlango umefungwa, mama yuko ndani chini ya kisu, na ukweli wangu hauna pa kwenda. Natembea. Masista wameniomba mara mbili niketi.

Mama Nyota na watatu wengine wamepasuliwa pia. Wawili walihitaji miwani tu, ya kwao wenyewe, namba zao. Miaka yote ile ya giza, namba tu!

Jumamosi, 1 Novemba

Kitambaa kimetolewa. Alinitazama muda mrefu na jicho lenye maji.

“Umekonda,” akasema. Kisha akatazama ukuta: “Na hii nyumba ya masista ni chafu.”

Jumapili, 9 Novemba

Redioni nimesema maneno machache. Nimemwomba radhi muuguzi kwa jina lake. Kisha nimeuliza wasikilizaji wenye shahada, mmoja mmoja, mara ya mwisho walimtazama mama yao akimimina chai ni lini. Nimewaachia dakika zilizobaki ziwe kimya. Fundi mitambo aliingiwa na hofu akaweka muziki.

Ijumaa, 14 Novemba

Kisomo cha kwanza baada ya kituo. Mama amekataa kusoma kwa kichwa. Anasoma kwa jicho, herufi moja baada ya nyingine, pua karibu na ukurasa, anakwama, anarudi, kama binti wa wiki ya kwanza. Zamu ambayo huchukua pumzi chache leo ilichukua nusu saa.

“Maalim,” akasema Mama Nyota hatimaye, “funga ile jicho, tumalize. Mvua inakuja.”

Wamecheka mpaka ushungi ukawaanguka. Mama pia. Kisha akarudi kwenye herufi yake, na wakamngoja.

Jumanne, 18 Novemba

Mabinti watatu wameondolewa, wazazi wao wamesikia. Wawili wapya wamekuja. Mama anasema hesabu hiyo si yangu.

Jumamosi, 22 Novemba

Asubuhi mvua ilipumzika. Mama alichukua kikapu, akasema anakwenda sokoni kununua majani ya pondu na mawese. Nikasema nakwenda naye. Akasema hapana. Nikasema barabara imechimbika. Akasema ameiona.

Nilihesabu mpaka nilipochoka, kisha nikatoka nyuma yake. Nilikaa mbali, nikajificha nyuma ya meza za wauza makaa, nyuma ya mikungu ya ndizi. Alitembea polepole, uso umegeuzwa kidogo upande ili jicho la kushoto lichukue njia nzima. Moto ikampita karibu mno upande wa kulia, hakuiona kabisa, na mimi nikauma kidole mpaka damu. Akasimama. Akaingoja barabara itulie. Akavuka dimbwi kwa ubao, mguu baada ya mguu, akamsalimu mtu kwa jina kabla mtu huyo hajamsalimu.

Nilikuwa nimeshaanza kumtungia maneno: ajuza wa jicho moja, barabara ambayo serikali haijaitengeneza. Yalikuwa maneno mazuri.

Ng’ambo ya dimbwi aligeuka. Akainua mkono juu ya kipaji, akazuia mwanga, akatafuta kati ya mikungu ya ndizi, meza hadi meza, bila haraka.

“Djamila!” Soko zima likageuka naye. “Niko nakuona. Rudia ku nyumba.”

Nikarudi.